Maiki Inasikia Nyumba Nzima

Mtu mwenye akiba ndogo anapotafuta maiki ya kurekodia nyumbani, methali mbili humvuta kila moja upande wake. Ya kwanza husema mchagua jembe si mkulima, nayo humhimiza anunue iliyo mbele yake aanze kazi. Ya pili husema rahisi huvunja upishi, nayo humtisha kwamba akifuata bei ya chini atajuta. Nimezisikia zote mbili kutoka kwa watu wanaoijua kazi, na kila moja ina haki yake. Ila zote mbili zinazungumzia chombo peke yake. Katika kurekodi kwa maiki ya kondensa, chombo ni sehemu moja tu ya jambo. Sehemu nyingine ni chumba, na nyingine ni mtu anayeamua maiki ikae wapi. Asiyeyapima yote matatu hawezi kujua nafuu iko wapi na hasara iko wapi.

Tuanze na chombo. Ndani ya wavu wa chuma wa maiki ya kondensa kuna utando wa plastiki uliopakwa dhahabu. Unene wake ni mikroni chache tu; unywele wa kichwani ni mnene kuliko huo mara kumi na zaidi. Nyuma ya utando, kwa upenyo ambao jicho halioni, kuna sahani ya chuma, na baina ya viwili hivyo hukaa chaji ya umeme. Sauti ikifika, utando hutikisika, upenyo hubanwa na kuachia, na umeme hubadilika sawasawa na mtikisiko huo. Mabadiliko yenyewe ni madogo mno kusafiri kwenye waya, ndiyo maana ndani ya maiki kuna saketi ya kuyapokea, na ndiyo maana maiki hizi hudai umeme: volti 48 zinazopanda kupitia kebo ileile inayoshusha sauti. Mafundi huuita umeme huo fantomu. Wepesi wa utando ndio unaoifanya kondensa inase pumzi ya mwimbaji kabla hajatamka neno, na ukucha unapogusa uzi kabla uzi haujalia. Maiki ya dainamiki, ile tuliyoizoea jukwaani na msikitini, imebeba koili ya waya nyuma ya utando wake, na uzito huo hufanya mambo madogo yaipite.

Kondensa ya kwanza iliundwa Marekani mwaka 1916 na E. C. Wente, mhandisi wa Western Electric. Georg Neumann alifungua kampuni yake Berlin mwaka 1928, na mwaka 1949 ikatoka U 47, maiki ambayo mafundi wa studio wanaitaja kwa heshima hadi leo. Kwa miongo mingi vyombo hivi vilikuwa mali ya redio na makampuni makubwa ya santuri. Mambo mawili yaliviteremsha hadi vyumbani mwetu. Mwaka 1962 Gerhard Sessler na James West, wakiwa maabara za Bell, waligundua utando unaohifadhi chaji yake wenyewe bila kulishwa tena. Teknolojia hiyo, elektreti, ikaingia katika simu, redio kaseti na maiki za kila aina. Kisha tangu miaka ya 1990 viwanda vya China vikaanza kutengeneza kapsuli kubwa, yaani ule utando pamoja na sahani yake, kwa bei ambayo Berlin haikuweza kuifikia. Ndiyo maana leo AT2020 ya Audio-Technica ya Japani huuzwa nje kwa takriban dola 100, NT1-A ya Rode ya Australia kwa kama mara mbili ya hapo, na U 87 ya Neumann kwa zaidi ya dola 3,000, kabla ya usafiri na ushuru.

Wengi hudhani dola 3,000 zinanunua ukimya. Karatasi za vipimo zinasema vingine. Kila kondensa ina mvumo wake wa ndani, shiii ya mbali inayotoka katika saketi hata pasipo na sauti. AT2020 ina desibeli 20, U 87 ya sasa ina 12, na NT1-A ina 5. Kwa kipimo hicho maiki ya dola 200 ni tulivu kuliko ya dola 3,000. Sasa weka nyumba kando ya namba hizo. Chumba kitulivu usiku, madirisha yamefungwa, hukaa kwenye desibeli 30 hivi. Washa feni, ufike 50. Anayeongeza pesa ili ashushe mvumo wa maiki kutoka desibeli 20 hadi 5, na feni inazunguka juu ya kichwa chake, amelipia kitu ambacho sikio lake halitakipata kamwe.

Hapo ndipo kondensa inapotufundisha nyumba zetu. Tumezizoea kelele zake hata hatuzisikii. Friji linanguruma pembeni, jogoo hajui saa, bodaboda inapanda kilima kwa gia ya kwanza, jirani anatwanga, watoto wanacheza rede uani. Maiki haina mazoea, inachukua yote. Mwenye kurekodi nyumbani hujifunza ratiba ya mtaa wake kama anavyojua ratiba ya maji. Nyakati za adhana zinajulikana, kwa hiyo kazi hupangwa baina ya sala na sala. Friji huzimwa kwa nusu saa, na funguo za gari huwekwa ndani yake ili lisisahaulike. Feni huzimwa pia, mwimbaji akavumilia joto la pwani kwa dakika nne za wimbo, kisha ikawashwa watu wapoe kabla ya kurudia. Mvua juu ya bati haina dawa, hungojewa ipite.

Mwangwi ni adui wa kimyakimya kuliko hizo zote. Kuta zetu za matofali ya saruji na sakafu za vigae hurudisha sauti kwa ukali, na sauti iliyorekodiwa na mwangwi wa chumba kidogo ni vigumu kuisafisha baadaye kwa programu ikabaki na uhai wake. Watu hutundika kanga na shuka ukutani, lakini kitambaa chepesi hunyonya trebo tu na kuiacha besi ikizunguka, sauti ikatoka kama ya mtu aliyefungwa ndani ya pipa. Kinachofaa ni kizito: godoro, zulia la manyoya, kabati la nguo lililofunguliwa milango. Na mahali pa kuliweka godoro ni nyuma ya mwimbaji, kinyume na wengi wanavyodhani. Kondensa nyingi za bei nafuu husikia kwa mbele na kuziba kwa nyuma. Mbele ya maiki yupo mwimbaji, na nyuma ya mwimbaji upo ukuta unaorudisha sauti moja kwa moja kwenye utando. Ukuta huo ndio wa kutibiwa kwanza. Godoro tayari limo ndani ya nyumba, na kazi litakayoifanya pale inapita nyongeza ya dola 100 kwenye bei ya maiki.

Zipo nyumba ambazo kondensa haziwafai wenyewe, na ni uungwana kulisema. Anayeishi juu ya gereji au kando ya kituo cha daladala atapata kazi safi zaidi kwa maiki ya dainamiki iliyosogezwa karibu na mdomo. Hilo halimshushi hadhi. Sauti nyingi za Michael Jackson katika albamu ya Thriller ya mwaka 1982 fundi Bruce Swedien alizirekodi kwa Shure SM7, maiki ya dainamiki. Mwaka huohuo Bruce Springsteen alitoa albamu ya Nebraska, aliyoirekodi nyumbani kwake New Jersey kwa mashine ya kaseti ya njia nne na maiki mbili za Shure SM57, zile zinazopatikana katika kila ukumbi wa muziki.

Kama si ukimya, basi dola 3,000 zinanunua nini? Sehemu kubwa ni rangi ya sauti, na hapa rahisi huweza kuvunja upishi kweli. Kapsuli nyingi za bei nafuu zimeigwa kutoka K 67, kapsuli iliyoundwa kwa ajili ya Neumann U 67 ya mwaka 1960. Kapsuli hiyo kwa asili inanyanyua trebo, na wahandisi wa Neumann walijua hivyo. Wakaweka katika saketi njia ya kuishusha tena ili matokeo yawe sawa. Viwanda vingi vilivyoiga vilichukua kapsuli vikaiacha dawa yake. Matokeo ni maiki inayong'ara dukani, sauti ikitokeza mara moja kwenye hedifoni, na kuchosha sikio baada ya nyimbo tatu.

Kwa mwimbaji wa Kiswahili jambo hili si dogo. Lugha yetu ina s, sh, z na ch kwa wingi, na mwimbaji wa taarabu huzikaza kwa makusudi ili maneno yafike. Mbele ya maiki iliyonyanyuliwa trebo, sh ya mashaka hukwaruza na z ya azizi hulia kama nyuki. Kwa hiyo sauti kali yenye kupita puani inahitaji maiki yenye uso wa upole, na sauti nzito ya kifuani inaweza kufaidika na ile inayong'ara. Hakuna maiki bora isiyotaja bora kwa nani. Ukipata nafasi ya kuijaribu dukani, usihesabu moja mbili tatu. Imba ubeti wenye sh na p nyingi, na usikilize kwa hedifoni unazozijua. Ukishainunua na ukali ukabaki, igeuze maiki kidogo ili mdomo usielekee katikati ya utando. Ukali hupungua, na pumzi ya p katika neno kama penzi hupita kando badala ya kuupiga utando. Na hakikisha mwimbaji anaimba ubavuni, upande wenye nembo. Kondensa kubwa nyingi husikia kwa ubavu, lakini mazoea ya jukwaani humfanya mtu aimbie kichwa chake.

Nitue kwenye udi, maana ala hii inaonyesha kila kitu. Udi hauna kelele. Mgongo wake wa mbavu za mbao na uso wake mwembamba hutoa sauti ya karibu, ya watu waliokaa mkekani, na nyuzi zake, kwa kawaida 11, hubeba pamoja na noti mguso wa risha na mteremko wa vidole. Weka kondensa sentimita 20 mbele ya tundu kubwa, utapata besi inayovimba na kufunika maneno ya vidole. Maiki za namna hii huongeza besi kadiri zinavyosogea karibu, na tundu nalo linapuliza hewa ya chini. Ielekeze pale shingo inapokutana na uso wa udi, vimbe linatulia na nyuzi zinaanza kutengana. Irudishe nyuma hadi sentimita 40, mbao zinaanza kusikika: si uzi tena, ni chombo kizima. Irudishe hadi mita moja, udi unakaa ndani ya chumba, na kama chumba ni kibaya utakisikia kuliko udi. Kila ukizidisha umbali mara mbili, sauti ya ala hushuka kwa desibeli 6 hivi, lakini kelele ya nyumba haishuki. Hapa ndipo mvumo wa ndani wa maiki unapopata maana: ala ya upole, umbali mkubwa, usiku mtulivu. Anayerekodi udi, kanuni au zeze kwa namna hiyo ana sababu ya kweli ya kupendelea maiki ya desibeli 5 kuliko ya 20. Anayerekodi sauti ya kuimba kwa karibu hana.

Mwendo wa sentimita 20 hubadilisha zaidi ya kubadilisha maiki. Na kwa maiki moja inawezekana kurekodi mwimbaji na udi wake kwa pamoja: maiki ikae usawa wa kifua, ishuke kidogo ikiwa udi unazidiwa, ipande ikiwa maneno yanapotea. Mizani inapatikana kabla ya kubonyeza kitufe.

Huo ndio ufundi wa waliotutangulia. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928, yeye na wapigaji wake, ili sauti yake iingie kwenye santuri. Kurekodi kwa umeme kulikuwa kumeanza miaka mitatu tu kabla yake, mwaka 1925, kwa mfumo wa Western Electric uliotumia kondensa. Zama hizo hapakuwa na njia ya kuongeza fidla baadaye au kupunguza ngoma kwenye kompyuta. Mizani ya wimbo ilitokana na nani amekaa karibu na maiki na nani amesogezwa nyuma. Miongo kadhaa baadaye, katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi za dansi zilipiga wimbo mzima kwa pamoja, magitaa, tarumbeta na waimbaji, na kilichokosewa kikarudiwa tangu mwanzo. Kazi hizo bado zinachezwa redioni na harusini. Sikio la fundi na nidhamu ya wapigaji vilifanya kile ambacho leo tunakitafuta katika orodha za bidhaa.

Siti alilazimika kuifuata maiki ng'ambo. Sisi maiki inatufuata hadi mlangoni, na naona deni katika urahisi huo. Chombo cha dola 100 cha leo kinasikia trebo na besi ambazo santuri ya 1928 haikuweza kuzibeba. Kama kazi zetu hazikai, sababu tuitafute penginepo.

Kuhusu pesa zenyewe nitasema kwa ufupi. Maiki haiendi peke yake. Inahitaji saundi kadi yenye fantomu ya volti 48, kebo nzima, stendi isiyoyumba, kichujio cha pumzi na hedifoni zilizoziba masikio. Atakayemaliza bajeti yote kwenye maiki atajikuta ameishika kwa mkono na kuichomeka kwenye tundu la simu ya masikioni la laptopu. Nusu ya pesa iende kwenye maiki, nusu kwenye hivyo vingine. Zile BM-800 za dola 20 na kitu, zilizojaa madukani na sifongo zake za rangi, mara nyingi zina kapsuli ndogo ya elektreti ndani ya ganda kubwa. Zinafaa kwa mazoezi na kujifunzia, na udi utazishinda. Maiki ya USB ni rafiki wa anayesoma habari au kurekodi hadithi peke yake, lakini siku utakapotaka kuongeza maiki ya pili itakukwamisha. Na kama laptopu inaleta mvumo mzito wa umeme, chomoa chaja, urekodi kwa betri. Mara nyingi ndiyo dawa nzima.

Kwa sisi wa pwani kuna gharama moja isiyoandikwa kwenye boksi, nayo ni unyevu. Utando ulio na upenyo mdogo namna ile ukishikwa na hewa ya bahari huanza kutatarika, vipande vya kelele kama mafuta ya moto kwenye kikaango. Usiiache maiki kwenye stendi usiku kucha. Irudishe kwenye mkebe wenye kifuniko kinachobana, pamoja na vipakiti vya silika jeli, na vipakiti hivyo vikaushwe au vibadilishwe vinapochoka. Ikitoka kwenye chumba cha kiyoyozi kuingia joto la nje, ipe muda ipate joto kabla ya kuiwasha. Mvuta sigara akae mbali nayo. Maiki ya bei nafuu inayotunzwa hivi itadumu miaka mingi Tanga au Lamu. Ya bei kubwa inayopigwa na upepo wa kusi dirishani haitadumu.

Kwa hiyo ushauri wangu uko wazi. Tazama chumba kabla ya duka. Chagua kondensa moja ya heshima katika daraja la dola 100 hadi 200, iliyo karibu na rangi ya sauti yako, kisha uache kutafuta nyingine. Kaa nayo hadi ujue inasema nini ikiwa sentimita 15 na inasema nini ikiwa 50, ukiwa umeigeuza na ukiwa hujaigeuza, mchana na usiku. Ujuzi huo ndio utakaoupeleka studio yoyote siku ukipata kubwa zaidi.

Na usingoje hiyo kubwa. Katika nyumba nyingi yumo mzee anayejua nyimbo za harusi za ujana wake, tenzi za kusoma kwa mahadhi, kasida au nyimbo za kubembelezea watoto ambazo hazijapata kurekodiwa na mtu yeyote. Sauti hiyo inapungua mwaka hadi mwaka, na hakuna bei itakayoirudisha. Maiki ya dola 100 iliyowekwa mahali pake mwaka huu ina thamani kuliko ya dola 3,000 itakayofika mwenye sauti akiwa hayupo. Muombe ruhusa, mkalishe penye starehe, godoro liwe nyuma yake, feni izimwe kwa muda anaoweza kuuvumilia. Rekodi katika faili kamili isiyobanwa. Mkimaliza, andika jina lake, mahali, tarehe na alijifunza wimbo ule kwa nani, na uhifadhi nakala mahali pawili.